Nilivyochagua Mashine Nzito

Mke wangu alikatwa mguu wa kushoto kwa sababu ya ugonjwa wa sukari. Walikata juu ya goti. Alipotoka hospitali akarudi nyumbani hapa Baraka, eneo la Fizi, upande wa Kongo wa ziwa Tanganyika, alikaa siku tatu bila kusema neno la maana. Siku ya nne akasema:

"Mi nataka kurudia kwa meza yangu ya samaki. Na sitaki mutu anibebe. Mi si gunia ya muhogo."

Aliuza mikebuka na ndagala sokoni tangu watoto wetu wakiwa mgongoni. Watoto hao walisoma kwa samaki zake kuliko kwa nyundo yangu. Hilo nalisema wazi, ingawa wazee wenzangu wengi hawapendi kulisema. Mwanamke wa namna hiyo ukimweka juu ya mkeka kando ya ukuta, anakufa huku bado anapumua. Niliona ameanza. Asubuhi aliuliza tu nani amepita njiani, na jioni akauliza nani amerudi.

Nikasema nitamtengenezea baiskeli ya magurudumu matatu, ile ya kuendesha kwa mikono, kama zile za walemavu wanaovusha bidhaa mpakani kule Uvira. Na nikasema nitaitengeneza mwenyewe. Ubaya wote ulianzia katika hilo neno "mwenyewe".

Mimi shule niliiacha mwaka wa pili. Baba alikufa, mama alikuwa analima tu, nikaenda ufukweni kubeba magunia ya watu. Kutoka hapo nikajifunza kutengeneza baiskeli kwa kutazama. Fundi aliyekuwepo alinifukuza, nikawa namtazama kutoka ng'ambo ya njia, mwaka mzima, mpaka mikono yangu ikajua. Vitanda vyangu, madirisha yangu, jiko, meza ya samaki ya mke wangu, vyote vimetoka katika mikono hii. Sijawahi kuita fundi aingie katika kiwanja changu. Watu walilijua hilo, na mimi nilipenda walijue.

Kitu kimoja tu sikukijua: kuchomelea. Kukata chuma najua, kukunja najua, kutoboa na kufunga kwa buloni najua. Lakini kushika vyuma viwili ukavifanya kimoja, hilo nilikuwa nalizunguka miaka yote.

Karibu na soko kuna soudeur mmoja, ndivyo tunavyomwita hapa mtu wa kuchomelea vyuma. Ana miaka arobaini hivi. Baba yake alikuwa rafiki yangu, alifia ukimbizini upande wa Tanzania, ndiyo maana kijana huyo ananiita papa. Aliposikia habari ya mke wangu alikuja mwenyewe.

"Papa, leta mabomba na magurudumu. Kwa siku tatu mama anapanda."

"Nitafanya mwenyewe."

"Na nini? Na meno?"

"Nitanunua mashine."

Alicheka, kisha akaona sicheki. Akasema: "Sawa. Basi tuende wote, nikusaidie kuchagua. Kununua mashine ni kama kuoa, papa. Usiende peke yako."

Tukaenda kwa mfanyabiashara mmoja, mtu wa familia za Kiislamu za pale ufukweni, anayeleta vitu kwa boti kutoka ng'ambo. Alitukaribisha, akatupa viti, akatuonyesha alichonacho. Kulikuwa na namna tatu za kuchagua, na nitazieleza, kwa sababu najua kuna watu wanaotaka kuanza kazi hii nyumbani kama nilivyotaka mimi, wasione haya kuuliza kama nilivyoona mimi.

Ya kwanza ni ya gesi. Pipa, unatia mawe ya kabidi na maji, inatoka hewa inayowaka. Hiyo haitaki umeme. Lakini pipa moja lilipasuka hapa mjini, na mwenye pipa tulimzika bila kumfungua uso. Hiyo tuliiacha bila kuizungumza.

Ya pili ni kisanduku kidogo, kimetoka kiwandani, kina mkanda wa kukivaa begani. Mtoto angekiinua.

Ya tatu ni transfo. Sanduku la bati lililotengenezwa na fundi wa mkono huko Uvira, ndani nyaya za shaba zimezungushwa juu ya chuma, nene kama kidole. Niliishika masikio yake mawili nikajaribu kuinyanyua. Mgongo ukaniambia niache.

Nikaipenda palepale.

Soudeur akanivuta kando. "Papa, kwenu muko na groupe gani?"

Groupe yangu, yaani jenereta, ni ile ndogo ya esanse, ya petroli, inayowasha taa na kuchaji simu za jirani. Nikamwambia.

"Basi chukua hii ndogo. Groupe yako itaibeba. Ile transfo itaua groupe. Ile inataka groupe ya kinu ya kusaga, ao umeme mukubwa wa mujini. Ukiwasha tu, injini inalia, chuma haipate moto ya kutosha."

Alisema kweli. Kila neno lilikuwa kweli, na alilisema kabla sijatoa kitu mfukoni. Ningekubali hapo, hadithi hii isingekuwepo. Lakini mfanyabiashara naye alitaka kusaidia. Akakipiga kile kisanduku kofi mgongoni kama mtu anayesifu mbuzi, akasema:

"Muzee, hii kidogo ndiyo ya watu wa kwetu. Ukisikia risasi, unaiweka kwa kichwa, unaenda nayo kwa boti. Ile kubwa utaiacha."

"Ni kweli," soudeur akasema. "Mi ya kwangu nilikimbia nayo. Kule kambini njo ilinilisha."

Hapo nikakasirika.

Mtu asiye wa Fizi hataelewa hasira hiyo. Sisi hapa tumejifunza kununua vitu kwa kuvipima kichwani. Mama ananunua sufuria, anauliza kama itaingia ndani ya nyingine. Mtu ananunua godoro, anauliza kama linakunjika. Hatusemi sababu, lakini kila mtu anaijua: siku ya kukimbia. Mimi nimekimbia mara tatu. Mara ya mwisho niliporudi nilikuta nyumba haina bati, haina mlango, haina kijiko. Kilichobaki ni fuawe yangu tu, kipande cha reli ninachogongea chuma, kwa sababu hakuna mwizi aliyekuwa na mgongo wa kukibeba. Siku hiyo nilikaa juu ya ile fuawe nikaapa kwamba sitakimbia tena, na sitaweka ndani ya nyumba yangu kitu kilichotengenezwa kwa ajili ya kukimbia.

Nikamwambia yule mfanyabiashara: "Mutu mwenye kununua kitu ya kukimbia nayo, amekwisha kimbia. Nipe ile kubwa."

"Papa," soudeur akasema.

"Nipe ile kubwa."

Ilibebwa na wanaume wanne mpaka kwenye pusipusi, mkokoteni wa kusukuma, na pusipusi ikazama mara mbili katika matope njiani. Watu walisimama kutazama. Nilitembea mbele yake kama baba wa bwana arusi. Mke wangu alikuwa amekaa mlangoni, akaitazama inashushwa, akauliza: "Hii ni mashine ao ni jeneza ya mutoto?" Wale wabebaji wakacheka. Mimi sikucheka.

Siku iliyofuata niliwasha groupe, nikafunga nyaya, nikashika bageti, ile fimbo ya kuchomelea, nikagusa chuma. Groupe ikanguruma kama ng'ombe wa Bibokoboko kule mlimani anayechinjwa vibaya, ikafa. Nikaiwasha tena. Ikafa tena. Nikapunguza nguvu ya transfo mpaka mwisho wake. Hapo groupe ikabaki hai, ikawa inalia kwa uchungu, na bageti ikaanza kudondosha moto kidogo kidogo, ikinata, ikikatika, ikinata tena. Kila niliponasua fimbo nilijiambia kwamba ni mkono wangu haujazoea. Sikujiambia kwamba ni mashine.

Nilifanya hivyo wiki mbili. Siku ya kwanza nilitumia miwani ya jua tu, kwa sababu sikutaka kwenda kuazima kwa yule kijana kioo cheusi cha usoni. Kesho yake sikuweza kufungua macho. Ilikuwa kama mtu amenitia mchanga na pilipili. Mke wangu akaita jirani, mama mwenye mtoto mchanga, kwa sababu sisi dawa ya macho ya moto wa kuchomelea ni maziwa ya mama. Nililala chali uani, yule mama akapiga magoti, akanikamulia.

"Ee papa," akasema, "na imvi zote hizi bado hujaacha ziwa?"

"Umupe ya kushoto tu," mke wangu akamwambia kutoka mlangoni. "Ya kuume uachie mutoto. Huyu ni mulafi, atamaliza yote."

Walicheka mpaka mtoto akaamka. Nami nilicheka, macho yamefungwa, maziwa yanaingia sikioni. Ni mara ya mwisho ninayokumbuka tulicheka jambo moja, mimi na yeye.

Baiskeli ilipokuwa inakaribia kwisha, soudeur alipita. Aliokota vipande viwili nilivyokuwa nimeviunganisha kwa kujaribu, akaviweka juu ya fuawe, akagonga mara moja. Vikaachana. Akanionyesha. Ile mistari ya kuungana ilikuwa imekaa juu ya chuma kama ute wa konokono. Chini yake chuma kilikuwa safi kabisa, hakijawahi kuona moto.

"Haikuingia, papa. Imelala juu tu."

"Hicho ni kipande cha kujifunzia."

"Na ile shingo?" Alimaanisha pale uma wa gurudumu la mbele unapoungana na bomba kubwa. Uzito wote unategemea hapo. "Shingo ulifanya na mashine gani?"

"Ulikuja kunisalimia ao kunipima?"

Akavua kofia, akaikunja mikononi. "Leta kwangu shingo tu. Shingo moja. Sitasema kwa mutu. Nitafanya nikifunga mulango."

Alinipa njia ya kuokoka bila aibu. Hata leo nikiifikiri, naona alikuwa na adabu kuliko mimi, na mimi ndiye mkubwa. Nikamwambia aende akawafundishe watoto wake. Akaenda.

Nikaongeza bageti nyingine juu ya zile za kwanza, mafungu juu ya mafungu, mpaka shingo ikavimba kama jipu. Nikasugua kwa tupa, nikapaka rangi ya bluu. Ilipendeza. Nasema kweli, ilipendeza.

Na mke wangu akaenda sokoni. Alikataa tumsindikize. Alizungusha zile pedali kwa mikono, taratibu, kilemba kipya kichwani, na mimi nikamfuata mbali kama mwizi ili nione. Alipofika kwenye meza za samaki wale mama wengine walipiga vigelegele.

"Eeh, mwenzetu amenunua motokari!"

"Shoferi, bei ya kwenda Fizi ni ngapi?"

"Fizi kuko mulima," akawajibu. "Wanene sibebe. Wewe utabaki."

Nilirudi nyumbani kwa njia ya nyuma nikiwa nalia. Mzee analia kwa sababu ya baiskeli. Sijali.

Zikapita wiki. Alianza kunona. Alianza kunigombeza tena kuhusu chumvi na viatu vyangu mlangoni, na nyumba ikarudi kuwa nyumba. Asubuhi alibeba beseni la samaki mbele na jioni alirudi na mboga. Barabara yetu wanaijua waliopita: mvua imekula kila kitu, ni mashimo na mawe.

Ijumaa moja mchana nilikuwa naifuta baiskeli matope. Yeye alikuwa ndani anapumzika. Nikapitisha kidole kwenye shingo nikasikia kitu. Nikainama. Kulikuwa na ufa, mwembamba kama unywele, umezunguka nusu ya bomba.

Nilijua ni nini. Nisidanganye mtu kwa kusema sikujua. Miaka yangu yote nimeshika baiskeli, naujua ufa unaokaa na ufa unaotembea. Huu ulikuwa unatembea. Kutoka nyumbani kwangu mpaka kwa soudeur ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Ningeisukuma mpaka pale, ningesema: kijana, ulisema kweli. Maneno matatu. Niliyaweka mdomoni nikayaonja, nikaona ni machungu, nikayatema.

Nikaenda kuchukua kopo la rangi.

Alipoamka akatoka akiegemea magongo yake, akakuta shingo inang'aa. "Umenipakia tena rangi?" akasema. "Kumbe bado unanipenda, muzee."

Nilikuwa nafunga kopo.

Jumamosi ni siku ya soko kubwa. Alitoka mapema na beseni limejaa. Pale barabara inaposhuka kwenye daraja dogo la mfereji, shingo ilikatika. Gurudumu la mbele lilikwenda peke yake. Walioona walisema hakupiga kelele. Walichosikia ni mlio wa chuma, kisha samaki wakamwagika. Alianguka ndani ya mfereji kwa bega la kuume, na ile baiskeli ikamwangukia juu.

Alikataa hospitali. "Nikienda kule, batakata na mukono." Hakuna aliyeweza kumbadilisha. Tukamwita mzee wa kuunga mifupa, akavuta, akafunga kwa mianzi. Kazi yake aliifanya kadiri anavyojua. Lakini kiwiko kiliganda na bega likaganda. Mpaka leo mkono wa kuume hauinuki kupita kifua.

Siku ya pili baada ya kuanguka soudeur alikuja. Mke wangu alikuwa amelala juu ya mkeka uani, karibu, anasikia kila kitu. Watu walikuwa wameileta baiskeli na kuiegemeza ukutani. Kijana akaichukua shingo iliyokatika, akaigeuza kwenye jua. Aligeuza mara moja, akageuza mara ya pili, akasimama. Kisha akajaribu kuiweka mfukoni.

"Kuko nini?" mke wangu akauliza.

"Hakuna, mama. Chuma mubaya."

"Nionyeshe."

Akanitazama mimi. Nilimwona anasubiri nimwambie la kufanya. Nikasema: "Muonyeshe."

Akapiga magoti, akamwonyesha. Mahali chuma kinapokatika huwa cheupe, kinang'aa kama chumvi. Hapa nusu moja ilikuwa hivyo. Nusu nyingine ilikuwa na rangi ya bluu, ndani kabisa, mahali ambapo brashi haiwezi kufika ila kwa kuingia katika ufa.

Mke wangu si fundi, lakini ameishi na fundi maisha yake yote. Alitazama sana. Nikaona afadhali niseme mimi kuliko kusemewa.

"Niliona ufa. Nikapaka juu."

Soudeur akainuka, akasema anakwenda kuangalia kitu nje, akatoka kabisa.

"Ulipaka siku gani?" mke wangu akaniuliza.

"Ijumaa."

"Ile Ijumaa."

"Ndiyo."

"Na mi nikasema unanipenda."

Akaomba maji. Nikamshikia kikombe, akanywa kidogo, akageuza uso kwa ukuta.

Hajanitukana. Ningependa anitukane. Ananijibu nikimuuliza, ananiambia chakula kiko wapi, anauliza kama nimekunywa dawa ya kifua. Dada yake mdogo alitoka Swima akaja kukaa nasi ili amsaidie kuoga, na ni huyo anayecheka naye sasa.

Kijana alitengeneza baiskeli nyingine, kwa kile kisanduku chake kidogo, bila kuniomba ruhusa. Aliileta mwenyewe. Mke wangu akaketi juu yake, akashika pedali, na mkono wa kuume ukakataa. Alijaribu asubuhi nzima. Alijaribu akiwa amefunga mkono kwa kitambaa kwenye pedali. Mchana akasema inatosha. Kijana akaondoa pedali, akachomelea mishikio miwili nyuma, ya kusukumia. Nilisimama pale nikatazama moto wake unavyoingia ndani ya chuma, laini, bila kelele, na nikaona kwa macho yangu kitu ambacho sikuwahi kukifanya hata mara moja.

Yeye ambaye hakutaka kubebwa sasa anasukumwa. Siku za soko tu, na anakaa saa chache, samaki wanauzwa na dada yake.

Jumamosi iliyopita dada alikuwa bado anafunga kanga ndani. Mke wangu alikuwa ameketi tayari, beseni mapajani, anatazama njia. Nikaenda nyuma, nikashika mishikio miwili, nikasukuma hatua moja.

Akaweka mkono wake mzima juu ya gurudumu, likasimama.

"Acha," akasema. "Anakuja."

Nikaacha. Dada akatoka, tukapishana mlangoni.